Gari Lililonguruma Saa Saba Usiku: Juu ya Kusikiliza Kabla ya Kujibu

Kila mwaka wanachuo wanapojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, hutuuliza swali moja: "Mwalimu, nitajuaje hasa mahali mtoto aliposhindwa?" Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiwajibu kwa maneno ya kitabuni. Toa zoezi, sahihisha, angalia makosa, kisha rudia somo. Jibu hilo si la uongo, ila ni jibu la mganga aliye mbali na mgonjwa. Mwaka 2024 tulijifunza jibu lililo bora zaidi, na hatukulipata katika kitabu wala katika semina. Tulilipata kwa gari la jirani yetu lililokuwa likitoa sauti za ajabu. Tunakusudia kukieleza kisa hicho hapa kama kilivyokuwa, ingawa hakitupambi, kwa kuwa ndani yake aliyekosea ni mkufunzi na aliyesikia sawasawa ni mwanachuo.

Gari lenyewe

Mkufunzi mwenzetu wa Hisabati, ambaye nyumba yake inapakana na yetu katika eneo la chuo, alinunua gari dogo la umeme lililokwisha kutumika huko Japani. Chuo chetu kiko Pwani, mwendo wa saa moja hivi kutoka Dar es Salaam, na gari la namna hiyo lilikuwa bado jambo geni kwetu. Halikuwa na bomba la moshi wala injini ya petroli. Kila jioni mwenyewe alilichomeka kwa waya kwenye soketi ya barazani, soketi ya kawaida ya volti 230, nalo likalala hapo hadi asubuhi likijaza betri yake.

Baada ya wiki chache gari likaanza kusemwa. Lilikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilitoka ndani ya dashibodi, tak-tak-tak-tak, mithili ya mtu agongaye ukucha juu ya meza, na ilisikika mara gari lilipowashwa. Ya pili ilikuwa ya usiku. Gari likiwa limefungwa na halina mtu ndani, lilianza kunguruma polepole, feni zikavuma, kisha baada ya muda likanyamaza lenyewe. Mlinzi wetu wa usiku, mzee aliyekwisha kupita miaka sitini, alikihamisha kiti chake akakiweka upande wa pili wa uwanja. Asubuhi moja tulipompa shikamoo yake, aliipokea, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nimelinda mali za watu miaka mingi. Gari lisilo na mtu halina sababu ya kuzungumza."

Ni vema tueleze kidogo jinsi kiyoyozi cha gari kinavyofanya kazi, maana mwalimu wa Sayansi atakayesoma makala hii huenda akaulizwa na wanafunzi wake. Katika kila kiyoyozi kuna kompresa inayoisukuma gesi maalumu izunguke katika mabomba. Gesi ikigandamizwa hupata moto. Ikipozwa mbele ya gari hugeuka kimiminika. Ikipitishwa katika tundu jembamba na kutanuka, huwa baridi sana, na hewa inayopulizwa na feni juu ya bomba hilo baridi ndiyo hutufikia ndani ya gari. Mvuke uliomo hewani huganda juu ya bomba hilo ukawa matone, kama yale tuyaonayo juu ya bilauri ya maji baridi. Hayo ndiyo maji yadondokayo chini ya gari, ambayo watu wengi huyadhania kuwa ni ubovu.

Katika gari la petroli kompresa huzungushwa na mkanda utokao kwenye injini. Injini ikizimwa, nayo husimama. Katika gari la umeme kompresa ina mota yake yenyewe, nayo hulishwa na betri kuu, ambayo katika magari mengi ina volti zaidi ya 300. Kwa hiyo huweza kuunguruma hata gari likiwa limesimama. Tena gari la umeme likiwa limesimama ni kimya kabisa, na katika ukimya huo mwenye gari husikia mambo mengi: gesi ikifoka katika tundu, feni ya mbele ikianza na kukoma, vibao vidogo vya kuelekeza hewa vikifunguka na kufunga ndani ya dashibodi. Mengi ya mambo hayo yamo pia katika magari ya petroli. Injini huyafunika tu kwa kelele yake.

Maneno hayo ya mwisho tunamwomba msomaji ayaweke akilini, kwani tutayarudia.

Kosa letu

Siku moja, katika kipindi cha saa nne asubuhi, tulilipeleka darasa zima la wanachuo 42 barazani kwa mwenzetu ili waione sayansi nje ya ubao. Mwenye gari akaliwasha. Tak-tak-tak-tak. Wanachuo wakatutazama, nasi, badala ya kuwauliza wanasikia nini, tukawapa jibu. Tulisema kwamba kompresa imechakaa na iko karibu kufa, na kwamba ngurumo ya usiku ni dalili ya ugonjwa huo huo. Tulilisema kwa sauti ya mtu ajuaye. Kisha tukauliza, "Mmeelewa?" Wakajibu kwa pamoja, "Ndiyo, Mwalimu!"

Mwanachuo mmoja, binti mkimya akaaye safu ya nyuma, alikuwa ameinua mkono. Tulipomruhusu akauliza, "Mwalimu, mbona inalia na kiyoyozi kimezimwa?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa kipindi hicho, na lilitosha kulivunja jibu letu, kwa sababu kompresa isiyofanya kazi haiwezi kulia. Lakini hatukulipima. Tulimwambia kwamba mambo ya umeme yana mapana yake na kwamba atayaelewa mbele ya safari. Wenzake wakacheka, naye akaketi ukingoni mwa baraza. Kwa wiki mbili zilizofuata hakuinua mkono tena.

Mwenye gari alituamini. Jumamosi yake akalipeleka gari kwa fundi mjini, akamwambia kama tulivyomwambia sisi: kompresa. Fundi akaandaa gesi na mafuta ya kulainishia kompresa, tayari kuongeza. Ilikuwa bahati kwamba alikuwapo hapo fundi mwingine, kijana, ambaye alikwisha kuyashughulikia magari kama hayo Dar es Salaam, naye akamshika mkono mwenzake. Mota ya kompresa ya gari la umeme huzunguka ndani ya gesi na mafuta yale yale yanayoilainisha. Kwa sababu hiyo mafuta yake hayana budi kuwa ya aina isiyopitisha umeme. Yale ya kawaida yatiwayo katika magari mengi ya petroli yakiingizwa humo huweza kuidhoofisha kinga ya umeme, na gari likatambua hatari na kukataa kuwaka. Jibu letu la haraka lilikuwa limebakiwa na hatua moja kabla ya kuiua kompresa iliyokuwa nzima.

Jinsi fundi alivyouliza

Mwenzetu alitusimulia kwa kirefu alivyofanya yule fundi kijana, nasi twaona kuwa alifanya kazi ya ualimu kuliko sisi. Kwanza alizima redio ya karakana na kuwaomba waliokuwapo wanyamaze. Pili hakuuliza, "Ni kitu gani kibovu?" Aliuliza: Inalia lini? Inalia wapi? Ukifanya nini inaanza, na ukifanya nini inakoma? Tatu, alibadili jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Aliizima feni, sauti ikabaki. Basi si feni, wala si jani kavu lililonaswa ndani yake, kwa kuwa mkwaruzo wa jani huenda kasi feni iendapo kasi, na hukoma ikomapo. Aliwasha kiyoyozi, akakizima. Sauti haikuongezeka wala kupungua. Basi si kompresa. Aligeuza hewa itoke miguuni, kisha itoke kifuani, kimya. Hatimaye akageuza joto kutoka baridi kwenda moto. Tak-tak-tak-tak. Akarudisha. Tak-tak-tak-tak. Hapo akainama chini ya dashibodi akafungua skrubu chache na kutoa mota ndogo inayoenea kiganjani, ile inayokisogeza kibao cha kuchanganya hewa baridi na hewa moto. Ndani yake gia ya plastiki ilikuwa imevunjika jino. Kila mara gari lilipowashwa, mota hiyo ilijaribu kukipeleka kibao mahali pake, jino likakosa kushika, gia ikaruka. Ndiyo maana sauti ilisikika hata kiyoyozi kikiwa kimezimwa, kama alivyouliza yule binti.

Fundi huyo alimwonya mwenye gari jambo jingine, nasi twalirudia kwa wanachuo wote. Nyaya nene za rangi ya chungwa zilizomo katika magari haya hubeba umeme wa betri kuu, nazo huua. Asiyefunzwa asiziguse. Kusikiliza ni kwa kila mtu, lakini kufungua kuna wenyewe.

Sauti ya usiku

Jumatatu iliyofuata tuliingia darasani tukawaambia wanachuo kwamba tulikosea, na kwamba swali tulilolikataa ndilo lililokuwa na jibu. Tulimwomba radhi mwenye swali mbele ya waliomcheka. Hatukuona fahari kufanya hivyo, lakini tusingeweza kuendelea kuwafundisha ukweli wa sayansi huku tukiuficha wa kwetu.

Kisha tukawapa kazi. Ngurumo ya usiku ilikuwa bado haijaelezwa, kwa sababu gia iliyovunjika isingeweza kuwasha feni usiku wa manane. Tuliwataka wasikisie chochote kwa muda wa wiki mbili. Wachore jedwali lenye safu nne: usiku gani, sauti imeanza lini, imekoma lini, waya wa umeme umechomekwa au la. Wanachuo wa zamu wakashirikiana na mlinzi wetu, ambaye alipoona watu wanaandika badala ya kukimbia, alikirudisha kiti chake mahali pa zamani na akawa shahidi mwaminifu kuliko wote. Usiku mbili tulimwomba mwenye gari asilichomeke.

Jedwali lilipojaa tulilinakili ubaoni. Usiku ambazo waya haukuchomekwa, gari lilikuwa kimya. Sauti ilianza kwa dakika tofauti tofauti, mapema kidogo katika usiku wa joto, na kuchelewa mvua ilipokuwa imenyesha. Lakini ilikoma daima saa saba kamili. Tena kulikuwa na usiku mbili katika kila juma ambazo haikusikika kabisa, hata waya ukiwa umechomekwa: usiku wa kuamkia Jumamosi na usiku wa kuamkia Jumapili. Mwanachuo mmoja akasema kwa utani, "Jini gani huyu anayefuata juma la kazi?" Darasa likacheka, na mara hii kicheko hakikumuumiza mtu.

Sisi wenyewe tulikuwa na dhana moja nzuri. Yako magari ya umeme ambayo huipoza betri yao wakati wa kuchajiwa, na kompresa hunguruma kwa kazi hiyo. Tulitamani kuitaja, lakini tuliuma ulimi. Baada ya muda mwanachuo mwingine aliitaja mwenyewe, na mwenzake akaikataa kwa hoja: betri haijui Jumamosi. Tungaliitaja sisi, pengine darasa zima lingeitikia "Ndiyo, Mwalimu," na Jumamosi ingesahaulika.

Tulisubiri. Ukimya ulikuwa mrefu kiasi cha kutuudhi. Ndipo yule binti wa safu ya nyuma alipoinua mkono.

"Mwalimu," alisema, "siku ile tulipokwenda barazani ilikuwa saa nne asubuhi. Saa ya ndani ya gari iliandika 4:00. Simu zetu zote ziliandika 10:00. Nani aliiweka saa ya gari katika Kiswahili?"

Tulimwita mwenye gari. Akajibu kwamba hakuiweka yeye. Aliikuta hivyo, akafurahi, akadhani wakala aliyemletea gari amemrekebishia. Binti akaeleza kwamba kaka yake huosha magari yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam, naye amekwisha kuona mengi yakija na saa ya kwao. Japani imetutangulia kwa saa 6. Nasi Waswahili tunapohesabu saa tangu kuchomoza kwa jua, hesabu yetu hutofautiana na ile ya simu kwa saa 6 vilevile. Kwa hiyo saa ya tarakimu 12 iliyoachwa katika wakati wa Japani husomeka hapa kwetu kama saa ya Kiswahili iliyo sahihi kabisa. Saa hiyo haikuwa imerekebishwa hata kidogo. Huko ilikotoka, saa saba yetu ya usiku ni saa 7:00 ya asubuhi, wakati watu wanapokwenda kazini.

Hapo darasa zima likalielewa jambo bila sisi kusema neno. Mwenye gari wa kwanza, mtu tusiyemjua, alikuwa ameliagiza gari lake limwandalie hewa ya kupendeza kabla ya safari ya saa 7:00 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, likiwa limechomekwa kwenye umeme. Huko pengine alitaka joto wakati wa baridi kali. Gari likavuka bahari, likauzwa, likafika Pwani, na kila usiku wa kuamkia siku ya kazi liliendelea kumwandalia bwana wake wa zamani. Lilianza mapema katika usiku wa joto kwa sababu kazi ya kupoza ilikuwa kubwa zaidi.

Kwa msaada wa simu yenye kutafsiri maandishi, wanachuo waliyasoma maagizo ya Kijapani katika kioo cha gari na kuikuta ratiba hiyo kama walivyoitabiri. Wengi walitaka ifutwe papo hapo. Mwenye swali akaomba kwanza isogezwe hadi 9:00 kwa usiku mmoja tu. Usiku huo mlinzi na wanachuo wa zamu waliandika katika jedwali: imekoma saa tisa kamili. Kesho yake ratiba ikafutwa, na gari halikuzungumza tena.

Darasa lililopooza

Sasa twafika pale ambapo kisa hiki kinatuhusu sisi walimu kuliko mafundi. Miezi miwili kabla ya mambo haya tulikuwa tumemkagua binti huyo katika mazoezi ya kufundisha Darasa la Tatu. Tulimpa alama ya chini. Tulipoifungua tena karatasi yetu ya ukaguzi tulikuta tumeandika hivi: "Darasa limepooza. Mwalimu huuliza kisha hunyamaza. Hawaamshi wanafunzi."

Tuliisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Tulikuwa tumehesabu kuwa kosa lile lile jambo ambalo sisi tulilifanya mara moja tu, kwa tabu, mbele ya jedwali la ngurumo, nalo likazaa matunda. Mtaalamu wa elimu ya sayansi wa Marekani, Mary Budd Rowe, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1974, alionyesha kwamba walimu wengi hungoja kiasi cha sekunde 1 tu baada ya kuuliza, na kwamba wakingoja sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi hurefuka na watoto wengi zaidi huthubutu kusema. Utafiti huo tuliufundisha sisi wenyewe katika chuo hiki. Tulipoukuta ukitendwa tuliuita kupooza.

Tulikwenda kwa mkuu wa mazoezi ya kufundisha tukaomba ukaguzi wa pili, ufanywe na mkufunzi mwingine, nasi tukae nyuma bila kalamu. Ombi lilikubaliwa. Somo lilikuwa la kutoa. Mtoto mmoja alikuwa ameandika 52 - 38 = 26. Mwalimu wa haraka angeweka alama ya kosa na kusema, "Rudia." Binti huyu aliinama kando ya dawati akamwandikia 64 - 21. Mtoto akapata 43, sawasawa. Akamwandikia 71 - 46. Mtoto akapata 35. Akangoja, kisha akasema, "Nionyeshe ulivyofanya, mwanangu." Mtoto akaonyesha: saba toa nne, tatu, sita toa moja, tano. Siku zote alitoa tarakimu ndogo katika kubwa, iwe juu au chini.

Mtoto yule hakuwa mzito wala mvivu. Alikuwa na kanuni yake, akaifuata kwa uaminifu, na ilimfaa kila mara tarakimu ya juu ilipokuwa kubwa. Jino moja tu la gia ndilo lililokosekana. Hesabu tatu zilitosha kulionyesha, kwa kuwa mwalimu wake alibadili jambo moja na kuangalia ni lini kosa linaanza na ni lini linakoma. Alipokwisha kulijua, alimpa vijiti vilivyofungwa kumi kumi, akamwachia afungue kitita mwenyewe.

Katika somo hilo hatukusikia "Tumeelewa, Mwalimu!" hata mara moja. Tukakumbuka injini ya petroli. Itikio la darasa zima ni kelele inayompendeza mwalimu, lakini chini yake sauti ndogo ya mtoto mmoja asiyeelewa haisikiki, na inaweza kulia hivyo mwaka mzima.

Mambo ya kuchukua

Kwa walimu wanafunzi tunapenda kuacha mambo machache waliyoyathibitisha wenzao barazani.

Kwanza, jipatie ukimya. Usiulize darasa, "Mmeelewa?" maana swali hilo lina jibu moja tu. Uliza swali ambalo mtoto asiyeelewa hawezi kulijibu kwa kuitikia, kisha ngoja.

Pili, andika kabla ya kukisia. Kosa la mtoto lililoandikwa kwa tarehe katika daftari lako kwa wiki mbili litakuambia mambo ambayo kosa la siku moja haliwezi kukuambia. Mtoto anayeshindwa kila Jumatatu tu ana habari ya kukupa, na huenda habari hiyo iko nyumbani kwao.

Tatu, badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadili hesabu, kifaa, na mahali pa kukaa siku moja, hutajua ni lipi lililomsaidia.

Nne, dhana yako nzuri iache isubiri. Ikiwa ni ya kweli, watoto wataifikia. Ikiwa si ya kweli, utashukuru kwamba hukuisema.

Tano, jua mpaka wako. Mtoto asiyesikia vizuri au asiyeona ubao, mwalimu humtambua, lakini tiba yake iko hospitalini. Hiyo ni kama nyaya za rangi ya chungwa.

Tena mtu asiseme kwamba mafunzo haya yanahitaji gari la umeme. Baiskeli yatosha. Chukua baiskeli inayolia, uwaulize wanafunzi wa Darasa la Tano: inalia unapokanyaga pedali tu, au hata unapoiacha iteremke yenyewe? Ikilia wakati wa kukanyaga tu, watatafuta katika mnyororo na pedali. Ikilia hata inapoteremka, watatafuta katika magurudumu na breki. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ulitaka shule zetu zijenge akili yenye kudadisi. Kazi hiyo yaweza kuanzia chini ya mwembe, kwa baiskeli ya mwalimu mkuu.

Alama za binti yule zilirekebishwa baada ya ukaguzi wa pili. Sentensi yetu ya zamani hatukuichana. Tumeibandika ndani ya jalada la daftari letu la ukaguzi, ili tuisome kabla ya kuingia darasa la mtu. Yeye sasa anafundisha. Na mwenzetu wa Hisabati, alipoulizwa kama arekebishiwe saa ya gari lake isomeke kama simu, alikataa. Alisema kuwa katika chuo kizima hiyo ndiyo saa pekee isemayo Kiswahili.